Kabla Hujasema "Tumewapita": Mwongozo Kamili wa Kulinganisha Nchi na Chapa kwa Takwimu za Dunia

Aprili 2025 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilitoa makadirio yake ya uchumi, na haikuchukua muda picha moja ikawa imefika kwenye kila kundi la WhatsApp nililomo: Kenya imeipita Ethiopia, sasa ndiyo uchumi mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki. Dola bilioni 132 kwa 117. Wakenya wakashangilia, Watanzania tukaanza kutafuta pa kubishia, na hakuna aliyeuliza Ethiopia ilikuwa imepoteza nini.

Haikupoteza shamba wala kiwanda. Tarehe 29 Julai 2024 serikali ya Addis Ababa iliacha thamani ya birr iamuliwe na soko. Dola moja iliyokuwa ikibadilishwa kwa birr kama 57 ikavuka birr 100 ndani ya wiki chache. Kahawa ni ile ile, ng'ombe ni wale wale, ndege za Ethiopian Airlines zinaruka vile vile. Lakini ukiupima uchumi wote kwa dola, umenywea. Nigeria ilikuwa imeshapatwa na hilo hilo. Naira ilipoachiwa Juni 2023, nchi iliyokuwa ya kwanza Afrika ikajikuta ya nne kwenye hesabu za IMF za 2024, nyuma ya Afrika Kusini, Misri na Algeria.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kulinganisha kwa haki: mwandishi wa habari, mwanafunzi mwenye kazi ya kuwasilisha Jumatatu, mfanyabiashara anayejiuliza aagize simu za chapa gani, au mbishi wa kawaida kama mimi. Unahitaji simu au kompyuta, jedwali la Excel au Google Sheets, na uvumilivu wa kusoma tanbihi. Huo uvumilivu ndio adimu.

Hatua ya kwanza: andika swali, ndipo ufungue orodha

"Nchi gani tajiri?" bado si swali. Ndani yake mna maswali yasiyopungua manne, na kila moja lina orodha yake. Uchumi wa nani ni mkubwa kwa jumla? Pato likigawiwa kwa watu wote, kila mmoja anaangukiwa na kiasi gani? Fedha hiyo inanunua nini huko iliko? Nani anakua haraka?

Tazama China na Marekani. Ukipima kwa dola za sokoni, Marekani ni ya kwanza hadi leo. Ukipima kwa uwezo wa kununua, hesabu za IMF zinaonyesha China iliipita Marekani tangu karibu 2014. Watu wawili wanaweza kugombana usiku kucha kuhusu hilo na wote wawili wakawa wakweli, kwa kuwa kila mmoja anajibu swali lake.

Kwa hiyo juu kabisa ya jedwali lako andika swali kwa sentensi moja, halafu chagua kipimo kinacholijibu. Ukifungua data.worldbank.org utakuta kila kipimo kina msimbo wake, na kuujua kunakuokoa na saa nzima ya kupapasa:

NY.GDP.MKTP.CD ni pato la taifa kwa dola za mwaka husika.
NY.GDP.PCAP.CD ni hilo hilo likigawiwa kwa idadi ya watu.
NY.GDP.PCAP.PP.KD ni pato la kila mtu kwa uwezo wa kununua, mfumuko wa bei ukiwa umeondolewa.
SP.DYN.LE00.IN ni matarajio ya umri wa kuishi.
IT.CEL.SETS.P2 ni laini za simu kwa kila watu 100.

Bandika msimbo kwenye kisanduku cha kutafutia, chagua nchi zako, pakua faili. Ukishalipata faili, usiliguse. Lihifadhi kama lilivyo, kisha fanya kazi kwenye nakala. Siku mtu akikubishia namba utashukuru.

Hatua ya pili: jua kilichohesabiwa

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, na hapa nitakaa kidogo.

Anza na laini za simu. Mwishoni mwa 2024 Tanzania ilikuwa na laini zaidi ya milioni 80. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, vichanga wakiwemo. Si kwamba kila mtoto ana simu. Ni kwamba shangazi yako ana laini moja ya kupokelea pesa, nyingine ya bando, na ya tatu kwa sababu kule kijijini mtandao huo ndio unaoshika. Kenya nayo ina laini nyingi kuliko watu. Ukiandika "asilimia 100 ya Wakenya wana simu" umesema jambo ambalo takwimu haikulisema hata kidogo. Kama unataka kujua watu, tafuta utafiti uliouliza watu: "Je, una simu yako mwenyewe?"

Rushwa ndiyo inayopotosha zaidi. Fahirisi ya Transparency International, inayotolewa tangu 1995, inatajwa kana kwamba ni hesabu ya rushwa zilizotolewa. Sivyo. Inakusanya mitazamo ya wataalamu na wafanyabiashara kuhusu rushwa katika sekta ya umma, kutoka vyanzo visivyopungua vitatu kwa kila nchi, kisha inatoa alama kati ya 0 na 100. Yule aliyedaiwa "ya chai" hospitalini jana hakuulizwa. Ukimtaka yeye, nenda Afrobarometer, ambao huwauliza wananchi wenyewe nyumbani kwao, kwa kawaida watu 1,200 au 2,400 kwa kila nchi. Vipimo vyote viwili vina kazi. Tatizo ni kuchukua kimoja ukakitumia kujibu swali la kingine.

Halafu kuna vyuo vikuu. Kila mwaka utaona habari kwamba chuo fulani cha Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kimeshika namba fulani "kwa ubora". Angalia chanzo: mara nyingi ni Webometrics, orodha iliyoanzishwa 2004 na maabara moja ya Hispania, ambayo msingi wake ni jinsi chuo kinavyoonekana kwenye intaneti. Chuo chenye tovuti iliyojaa machapisho kitapanda. Chenye maabara nzuri na tovuti mbovu kitazama. Orodha ya Shanghai, iliyoanza 2003, nayo huhesabu tuzo za Nobel za walimu na wahitimu, kipimo ambacho vyuo vyetu vingi havina hata pa kuanzia. Mzazi anayechagua chuo cha mwanawe hapati jibu kwenye orodha yoyote kati ya hizo.

Furaha? Ripoti ya Furaha Duniani, ambayo Finland imekuwa ikiongoza tangu 2018, inategemea swali moja: jifikirie uko kwenye ngazi yenye vidato kuanzia 0 hadi 10, maisha yako yapo kidato cha ngapi? Ni swali zuri. Lakini halimuulizi mtu kama anacheka.

Katika jedwali lako weka safu inayoitwa "Nini kimehesabiwa" na uijaze kwa maneno yako mwenyewe. Ukishindwa kuijaza, hujaielewa takwimu hiyo, iache.

Hatua ya tatu: chagua fedha ya kupimia

Dola inadanganya kwa upole, kama tulivyoona kwa birr. Kenya nayo iliona shilingi yake ikishuka na kupanda ndani ya mwaka mmoja: Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na kufika katikati ya mwaka huo huo ilikuwa karibu 129. Mtu aliyepiga hesabu ya uchumi wa Kenya kwa bei ya Januari na aliyepiga kwa bei ya Julai wangekuja na nchi mbili tofauti.

Kuna njia tatu, na kila moja ina mahali pake. Ukiuliza nchi inaweza kununua mafuta au kulipa deni la nje kiasi gani, tumia dola za sokoni, kwa sababu Waarabu wa mafuta hawapokei shilingi. Ukiuliza mwananchi anaishije, tumia uwezo wa kununua. Ukiuliza nchi moja imekuaje tangu mwaka fulani, tumia fedha yake yenyewe kwa bei za mwaka wa kizio, yaani mwaka mmoja uliochaguliwa kuwa msingi wa bei, na uisahau dola kabisa.

Hilo la uwezo wa kununua linawachanganya wengi, ingawa kila msafiri analijua. Jarida la The Economist tangu 1986 hulinganisha bei ya Big Mac nchi kwa nchi ili kuonyesha fedha ipi imepanda kupita kiasi. Tanzania na Kenya hazina McDonald's, kwa hiyo mimi natumia chips mayai. Viazi, mayai mawili, mafuta na kachumbari ya pembeni ni vile vile Mwanza na Zurich, ila pesa inayokuletea sahani moja kule inakulisha wiki hapa. Kipimo cha uwezo wa kununua kinafanya hesabu hiyo kwa mamia ya bidhaa na huduma badala ya moja. Ndiyo maana nchi maskini karibu zote hupanda ukitumia kipimo hiki: kinyozi, nyumba na nauli za kwetu ni rahisi. Simu na dawa za kutoka nje, hapana.

Hatua ya nne: kagua idadi ya watu

Ukiona "kwa kila mtu", ujue kuna namba ya chini iliyogawa, na namba hiyo nayo ina historia. Kenya ilihesabu watu 47,564,296 mwaka 2019. Uganda ilihesabu karibu milioni 46 mwaka 2024. Kongo, yaani DRC, ilifanya sensa yake ya mwisho mwaka 1984. Kila pato la kila Mkongo, kila kiwango cha shule na hospitali kwa watu elfu unachokisoma leo kimegawiwa kwa makadirio yaliyojengwa juu ya hesabu ya zama za Mobutu. Si kosa kuitumia, ila usiilinganishe na Rwanda kwa desimali mbili.

Tanbihi nyingine ambayo wasomaji wa Tanzania huipita: kwa miaka mingi takwimu za pato la Tanzania kwenye hifadhi ya Benki ya Dunia zimekuwa na maelezo madogo kwamba zinahusu Tanzania Bara tu. Zanzibar ina Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali na hesabu zake. Ukiandika "Tanzania nzima", hakikisha kwanza nzima imo.

Wastani nao usiuamini peke yake. Guinea ya Ikweta, kwa sababu ya mafuta, ina pato la kila mtu ambalo likisomwa juu juu linakufanya utamani kuhamia. Tafuta pia kipimo cha tofauti ya kipato, au angalau umri wa kuishi, ukiweke safu ya jirani.

Hatua ya tano: mwaka wa takwimu, si mwaka wa ripoti

Ripoti ya Maendeleo ya Watu ya UNDP iliyotoka Mei 2025 ilibeba takwimu za 2023. Hilo ni kawaida. Ila ukiichukua ukaiweka kando ya pato la 2025, umelinganisha picha ya kaka akiwa darasa la saba na ya dada siku ya harusi.

Hatari kubwa zaidi ni pale njia ya kuhesabu inapobadilika katikati. Nigeria ilibadilisha mwaka wa kizio Aprili 2014, ikajumlisha simu, filamu na sekta nyingine ambazo hesabu za zamani hazikuzipa nafasi yake. Uchumi wake ukakua kwa asilimia 89 kwenye karatasi. Septemba mwaka huo Kenya ikafanya vivyo hivyo, uchumi wake ukaongezeka kwa robo, na nchi ikaingia kundi la kipato cha kati. Ghana ilikuwa imetangulia mwaka 2010. Hakuna aliyeiba, waliongeza vilivyokuwa havihesabiwi. Lakini mtu akichora mstari kutoka 2005 hadi 2015 bila kuangalia, atadhani aliona muujiza.

Fahirisi ya rushwa ilibadilisha njia yake 2012, kwa hiyo alama za kabla ya hapo hazilinganishwi na za baadaye. Ile ya uhuru wa vyombo vya habari ya Wanahabari Wasio na Mipaka ilibadilishwa 2022. Hata mpira: nafasi bora ya Taifa Stars kwenye orodha ya FIFA ni ya 65, Februari 1995, na tangu hapo kanuni ya kupanga timu imebadilishwa mara tatu, 1999, 2006 na 2018. Wazee wanaosema "enzi zetu tulikuwa wa 65" wana haki ya kujivunia, ila hawana haki ya kuitoa namba hiyo kwenye ya leo.

Hatua ya sita: soma alama, nafasi iache mwisho

Kwenye fahirisi ya rushwa ya 2023 Tanzania ilipata alama 40, nafasi ya 87. Mwaka 2024 alama 41, nafasi ya 82. Kenya: alama 31 na nafasi ya 126, kisha alama 32 na nafasi ya 121. Nchi zote mbili ziliongeza alama moja na zote zikapanda nafasi tano. Magazeti yanaandika hizo tano. Jambo lililotokea ni hiyo moja, na alama moja kati ya mia iko ndani ya ukingo wa makosa ambao Transparency International wenyewe huuchapisha pamoja na alama. Kule katikati ya orodha nchi zimebanana kama abiria wa mwendokasi saa 12 jioni. Ukijisogeza kidogo tu umewapita watano.

Mipaka ya makundi inafanya mchezo huo huo. Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliitangaza Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, miaka mitano kabla ya lengo la Dira ya 2025. Mstari ulikuwa dola 1,036 kwa mtu. Tanzania ilikuwa na 1,080. Ni jambo la kufurahia, sikatai. Lakini kati ya 30 Juni na 1 Julai hakuna maisha ya mtu yaliyobadilika kwa dola 44.

Hatua ya saba: uliza nani ana faida na orodha hiyo

Kipimo kikishakuwa maarufu, wanaopimwa hujifunza kukichezea. Poland ilielewa kwamba kanuni ya zamani ya FIFA ilikuwa inaadhibu mechi za kirafiki, ikajizuia kucheza, ikaingia kwenye droo ya Kombe la Dunia 2018 ikiwa kwenye chungu cha kwanza pamoja na Brazil na Ujerumani. Ikatolewa hatua ya makundi.

Serikali zilifanya hayo na ripoti ya Doing Business ya Benki ya Dunia, iliyopanga nchi kwa urahisi wa kufanya biashara. Rwanda ilifika nafasi ya 29 duniani kwenye ripoti ya 2019, baada ya miaka ya kurekebisha sheria moja baada ya nyingine kwa kufuata ripoti inavyopima. Mageuzi mengi yalikuwa ya kweli. Tatizo lilizuka ndani ya nyumba yenyewe: uchunguzi ulikuta takwimu za ripoti za 2018 na 2020 zilikuwa na kasoro zilizozihusu China, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Azerbaijan, na Septemba 2021 Benki ikaifuta ripoti yote. Mrithi wake, B-READY, alitoka Oktoba 2024. Ukiona leo mtu ananukuu "nafasi yetu ya Doing Business", mpe pole.

Chapa: mtego mpya kwenye njia ile ile

Chapa zinapimwa na makampuni ya biashara, si na ofisi za takwimu, na makampuni hayo huuza ushauri kwa hao hao wanaowapima. Hilo peke yake halifanyi orodha kuwa ya uongo. Linakutaka uisome kama unavyomsikiliza dalali wa nyumba.

Mwaka 2024 makampuni matatu yalitoa thamani ya chapa ya Apple. Interbrand: dola bilioni 489. Brand Finance: bilioni 517. Kantar: zaidi ya trilioni 1, chapa ya kwanza duniani kufikia hapo. Wote waliiweka namba moja, lakini wa tatu alimzidi wa kwanza mara mbili na ushee. Kwa nini? Brand Finance wanauliza: kama Apple isingekuwa na jina lake, ingelazimika kulipa mrabaha kiasi gani kulikodi? Ni kama kukisia thamani ya fremu ya Kariakoo kwa kodi ambayo ungeilipa. Kantar wanachukua thamani ya biashara na kuichanganya na majibu ya wateja waliohojiwa, ili kujua ni sehemu gani ya mauzo inaletwa na jina. Kwa hiyo usitoe namba ya mmoja kwenye ya mwingine ukasema "chapa imekua". Chagua mpimaji mmoja, mfuate yeye miaka yote. Kwa Interbrand, kwa mfano, utaona Coca-Cola ikishika namba moja tangu 2000 hadi 2012, kisha Apple tangu 2013, na hapo kuna hadithi ya kueleweka.

Angalia pia nani haruhusiwi kuingia. Interbrand wanataka angalau asilimia 30 ya mapato itoke nje ya eneo la nyumbani, na chapa iwepo kwenye mabara makubwa. M-Pesa au Azam hazitaonekana hapo hata zikipendwa vipi na watu wetu. Kwa Afrika kuna orodha ya Brand Africa, iliyoanza 2011, ambayo huwauliza walaji chapa wanayoipenda. Nike imeongoza kwa miaka kadhaa, wala hilo lisikushangaze: inauliza kupenda, haiulizi kununua.

Kama wewe ni muuza simu, achana na thamani ya chapa, tazama sehemu ya soko. Tecno, itel na Infinix zote ni za kampuni moja ya Shenzhen, Transsion, iliyoanza 2006. Ukizijumlisha, kampuni hiyo inachukua karibu nusu ya simu janja zinazoingia Afrika. Ukizitenganisha kwa chapa, Samsung inasogea juu sana. Namba hizo pia huhesabu simu zilizopelekwa kwa wauzaji, si zilizonunuliwa na mteja, na mzigo unaweza kulala stoo miezi. Orodha za StatCounter kwa upande wao huhesabu kurasa zilizofunguliwa kwenye tovuti, hivyo anayeperuzi mchana kutwa anahesabiwa mara nyingi kuliko mzee mwenye simu ya kupokea salamu tu. Na idadi si faida: Apple huuza simu chache kuliko wengine wote wakijumlishwa, lakini hubeba sehemu kubwa zaidi ya faida ya biashara hiyo. Kwa hiyo jiulize unataka kujua nini: kioo cha simu gani uweke stoo, au chapa gani ina faida kwa kila kipande?

Usilinganishe kampuni na nchi

"Apple ni tajiri kuliko nchi fulani" hurudi kila kampuni hiyo inapovuka rekodi, kama ilipogusa dola trilioni 3 Januari 2022. Hapo unaweka bei ya kampuni nzima kando ya pato la nchi la mwaka mmoja. Ni sawa na kulinganisha bei ya Coaster na hesabu anayoleta dereva, halafu useme basi la jirani ni tajiri kuliko familia yako. Ukitaka kulinganisha kitu kinachokaribiana, pato la nchi lilinganishe na thamani iliyoongezwa na kampuni mwaka huo (mauzo ukitoa gharama za vitu na huduma ilizonunua kwa wengine), siyo mauzo yenyewe wala bei ya hisa.

Ila nchi na chapa huwa zinagongana kweli, na Ireland ndiko mahali pa kujifunzia. Julai 2016 ofisi yake ya takwimu ilitangaza kwamba uchumi ulikua kwa asilimia 26 mwaka 2015. Waairishi walicheka. Sababu kubwa ilikuwa makampuni ya kimataifa, Apple ikitajwa zaidi, kuhamishia haki miliki zao kwenye vitabu vya Ireland. Nchi ikabidi ibuni kipimo kingine cha pato kinachoondoa vitu hivyo, ili serikali ijue wananchi wake wanaishije. Ukikuta Ireland au Luxembourg juu kabisa kwenye orodha ya utajiri, soma tanbihi kabla ya kuona wivu.

Tufanye moja pamoja

Swali: mwaka 2024, kati ya Kenya na Tanzania, ni ipi iliyovuna zaidi kutokana na watalii?

Safu ya kwanza, wageni: Kenya takriban milioni 2.4, Tanzania takriban milioni 2.14. Safu ya pili, mapato: Kenya ilitangaza shilingi zake bilioni 452, Tanzania dola bilioni 3.9. Fedha ni mbili, kwa hiyo rudi hatua ya tatu. Ukigawa kwa 129, bei ya mwisho wa mwaka, Kenya inapata karibu dola bilioni 3.5. Ukigawa kwa wastani wa mwaka, karibu 135, inapata bilioni 3.35 hivi. Mapato yaliingia mwaka mzima, si Desemba tu. Mimi nachukua wastani, na naandika pembeni kwamba nimechukua wastani.

Gawa kwa wageni: Kenya karibu dola 1,400 kwa mgeni, Tanzania karibu 1,820.

Sasa hatua ya pili, maana hapo ndipo pana utamu. Kwa vigezo vya kimataifa, mgeni ni yeyote anayelala angalau usiku mmoja, awe amekuja kupanda Kilimanjaro, kuhudhuria mkutano Nairobi au kumzika bibi. Miongoni mwa wageni wengi wa Kenya, baada ya Wamarekani, ni Waganda na Watanzania. Kwa hiyo yule mama wa Arusha anayekwenda Nairobi kufuata mzigo wa nguo, akalala Eastleigh siku mbili, yumo kwenye "watalii wa Kenya". Na Mkenya anayeshuka upande huu yumo kwenye wetu. Mmarekani wa siku kumi Serengeti na mama wa Eastleigh wamehesabiwa mmoja mmoja.

Sentensi niliyoifikia, na ambayo ningeitetea popote, ni hii: "Kwa takwimu za serikali zenyewe, mwaka 2024 Kenya ilipokea wageni wengi zaidi, Tanzania ilipata fedha nyingi zaidi kwa jumla na kwa kila mgeni, na sehemu ya tofauti hiyo huenda inatokana na aina ya wageni wanaohesabiwa." Niliituma kundini usiku huo pamoja na jedwali. Jibu la kwanza lilitoka Nakuru, dakika tatu baadaye: "Kaka, hiyo sentensi ndefu. Nani kashinda?"